Kiberenge cha mkanda au cha giaboksi: kipi ukifufue?

Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, mafundi wa njia ya reli huko Marekani na Kanada walikwenda kazini kwa kiberenge: kigari cha magurudumu manne ya chuma, injini ndogo, viti vya mbao na mahali pa kuwekea sururu, spana na jeki. Waliokulia kando ya Reli ya Kati, Kilosa au Tabora, wanakijua vizuri. Kenya wengi watakiita troli. Baadaye kampuni za reli zilihamia kwenye pikapu zenye magurudumu ya ziada ya kushushia relini, na viberenge vikauzwa kwa bei ya chuma chakavu. Watu wenye mapenzi navyo wakavinunua, wakavifufua, na sasa wanaomba ruhusa kwa wenye reli ili waviendeshe kwa misafara.

Nimeandika haya kwa ajili ya msomaji wa Kiswahili anayeishi Amerika ya Kaskazini, mwenye gereji au rafiki mwenye gereji, ambaye ameshaanza kupekua matangazo ya viberenge vya zamani. Matangazo hayo husema machache: picha mbili, "injini inazunguka", bei, basi. Anayeanza huvutwa na rangi. Mimi namshauri aulize swali moja kwanza: nguvu ya injini inafikaje kwenye ekseli? Kwa mkanda bapa, au kwa klachi, giaboksi na cheni? Jibu lake ndilo litakaloamua utakiwashaje asubuhi, utafanya nini mvua ikinyesha, utakitengenezea wapi kikigoma, na nani atakubali kukaa kando yako.

Msimamo wangu nausema mapema. Mtu anayetaka kusafiri achukue cha giaboksi, hasa MT-14 ya kiwanda cha Fairmont au mdogo wake MT-19. Anayependa mashine yenyewe, anayeweza kukaa msimu mzima na injini ya silinda moja akiitafutia mlio wake, M19 ya mkanda, ya kiwanda hicho hicho, ndiyo yake, na asikubali mtu amwambie amechagua vibaya.

Kwanza, reli ya nani?

Hili lina uzito kuliko aina ya kiberenge. Kila reli ina mwenyewe, hata ile yenye nyasi hadi magotini na mataruma yaliyooza. Kupandisha kiberenge bila ruhusa ya mwenye reli ni kosa, na ni hatari, maana treni haina njia ya kukukwepa. Wengi wa wapenzi wa viberenge huendesha kupitia NARCOA, chama chao cha Amerika ya Kaskazini. Chama kina kitabu cha kanuni, mtihani, mfumo wa mwendeshaji mpya kufundishwa na mzoefu, na bima ya dhima ambayo wenye reli huidai kabla ya kufungua lango. Msafara huwa na msimamizi, na siku moja inaweza kuwa maili 30 au kukaribia 100, kwa mwendo wa taratibu.

Kanuni hizi zinagusa pia uchaguzi wa chombo. Magurudumu ya kiberenge huwekewa kizuia umeme ili yasiunganishe reli ya kushoto na ya kulia. Yakiunganisha, mitambo ya ishara itadhani treni inapita, geti litashuka na kengele kulia ovyo. Kwa hiyo kiberenge kinapofika panapokatana reli na barabara, ishara hazifanyi kazi. Kinasimama kabisa, mtu anashuka na bendera nyekundu, magari yanapewa nafasi, ndipo kinavuka. Kwenye njia yenye barabara nyingi utasimama na kuondoka mara kwa mara siku nzima. Kumbuka hilo tutakapofika kwenye klachi.

Viwili vyenyewe

Vingi vilivyoko sokoni vimetoka kiwanda kimoja, cha Fairmont, mji mdogo kusini mwa Minnesota. Kilianza na injini ndogo za petroli mwanzoni mwa karne iliyopita. Wafanyakazi wa reli waliochoka kuendesha vigari vyao kwa kusukuma mpini kwa mikono wakazifunga humo, na kiwanda kikageukia huko moja kwa moja. Watengenezaji wengine walikuwepo: Sheffield, Buda, Kalamazoo, Northwestern wa Eau Claire huko Wisconsin, na upande wa Kanada Sylvester na Woodings. Ukiokota kimoja cha hao umeokota lulu, lakini ujiandae kuchonga vipuri mwenyewe. Fairmont vilikuwa vingi kiasi kwamba kilichokufa hutoa vipuri vya kufufulia mwenzake, na mtu anayeanza anahitaji faraja hiyo.

M19 ni kiberenge chepesi cha ukaguzi. Ina injini ya silinda moja, ya mipigo miwili, ile ya kuchanganya oili na petroli. Inapozwa kwa maji yaliyomo kwenye tangi juu ya silinda. Maji yakichemka, mvuke unatoka, nawe unaongeza mengine. Cheche hutoka kwenye koili ya mtetemo ya aina iliyotumika kwenye Ford Model T. Kutoka kwenye krenki, mkanda bapa unakwenda kwenye puli iliyofungwa kwenye ekseli. Hakuna klachi wala gia. Kuna wenzo unaokaza mkanda, na basi.

MT-14 ni kizito zaidi na kinabeba watu zaidi. MT-19 ni kidogo, cha watu wawili kwa raha. Vyote viwili vina injini ya Onan: silinda mbili zilizolala zikitazamana, mipigo minne, kupozwa kwa hewa. Ile inayokutwa sana kwenye MT-14 ni CCKB, yenye ujazo wa sentimita za ujazo 816 hivi na nguvu za farasi karibu 20. Onan wa familia hiyo walifungwa pia kwenye jenereta na trekta ndogo za bustani, kwa hiyo mafundi wanaozielewa hawajaisha.

Kuwasha na kuondoka

Hapa tofauti ni kubwa mno, na hapa ndipo watu hugawanyika.

Asubuhi, mwenye MT-14 anafungua petroli, anavuta choki, anageuza swichi, stata inazungusha, injini inashika. Anatumia klachi, anaingiza gia, anaondoka. Aliyewahi kuendesha gari la gia za mkono hahitaji somo refu. Kwenye vivuko kumi na viwili mfululizo, klachi ile inakufaa sana.

Mwenye M19 anaanza kwa kuangalia maji. Anageuza sindano ya mafuta robo, anarudisha nyuma wenzo wa cheche ili moto uchelewe, asije akapigwa na mpini, kisha anazungusha. Au anashuka, anakisukuma kwa bega, mkanda unakamata, injini inakohoa. Inapiga mara moja, inanyamaza, inapiga mara mbili, inanyamaza tena, halafu inaanza kukaa sawa. Sasa anauvuta wenzo wa mkanda polepole. Akiuvuta kwa pupa, injini inazimika au mkanda unalia na kunuka. Akiuvuta kwa mkono mtulivu, kiberenge kinaondoka bila hata kutikisa chai iliyo kwenye kikombe.

Kurudi nyuma ndiko kunakoonyesha ustadi. M19 haina gia ya kurudi kwa sababu injini yenyewe inaweza kuzunguka pande zote mbili. Mwendeshaji anakata cheche, anasikiliza flaiwili ikipungua, na pale inapokaribia kusimama anasogeza wenzo wa cheche upande wa pili na kurudisha umeme. Injini inapiga teke, inageuka, inaanza kuzunguka kinyume. Nimewaona wazee wakifanya hivi huku wakiendelea na mazungumzo, bila kutazama mkono. Kwenye MT-14 kazi hiyo hiyo ni kusogeza mpini wa gia, na hakuna atakayesimama kukutazama.

Njiani

Kwenye tambarare na hali ya hewa kavu, M19 iliyotengenezwa vizuri haimcheleweshi mtu. Msafara unakwenda taratibu, na injini ya silinda moja iliyopata joto lake hudunda saa nyingi bila kulalamika. Wanaosema cha mkanda hakiwezi safari ndefu wanazidisha chumvi.

Tatizo ni mlima na maji. Cha mkanda kina uwiano mmoja tu wa mzunguko. Mlima mrefu ukianza, ukiwa na abiria na mizigo, huna gia ya kushusha. Una mafuta, cheche na subira. Mvua ikilowesha mkanda unateleza, na ukiukaza sana unaula. Cha giaboksi kinashuka gia, kinapanda kwa kelele, lakini kinapanda. Majani mabichi na umande juu ya reli huvitelezesha vyote viwili, maana chuma juu ya chuma ni kilekile, ila mwenye Onan anabaki na tatizo moja badala ya mawili. Kwa misafara ya milimani yenye mvua nyingi, sioni kwa nini mtu ajitese.

Kelele pia ipimwe. Onan hupiga makelele ya mfululizo. M19 hudunda mmojammoja. Kwa vyote viwili vaa vizibo vya masikio.

Uzito, trela na kugeuza

Hapa M19 inalipiza kisasi. Ilibuniwa ili mfanyakazi aweze kuitoa relini haraka treni ikija: kuna mipini ya kuvuta nje upande mmoja, unainua, unakizungusha, unakiburuta hadi pembeni. Watu wawili wanaipakia kwenye trela ndogo bila kutafuta msaada. MT-14 inataka trela yenye vipande vya reli juu yake na winchi, na gari la kuivuta lenye nguvu kidogo.

Viberenge vingi vizito vina kigeuzio chini ya fremu: unashusha mguu wa jeki, kigari kinanyanyuka, mtu mmoja anakizungusha chote na kukishusha kikitazama alikotoka. Kabla ya kununua MT-14, lala chini uhakikishe kifaa hicho kipo na hakijashikwa na kutu. Vingi vimeng'olewa, na kukitafuta baadaye ni gharama na usumbufu.

Gereji

Kwa hesabu ya vipande, M19 ni rahisi. Haina valvu, haina pampu ya oili, haina giaboksi. Lakini urahisi huo una sharti. Injini ya mipigo miwili hunyonya mchanganyiko wa petroli kwenye chumba cha krenki na kuusukuma juu kwenye silinda. Beringi na sili za krenki zikichakaa, hewa inavuja, msukumo unapungua, na injini inakuwa ngumu kuwaka hata kama kabureta na koili ni vipya. Wengi hubadilisha plagi, wakabadilisha koili, wakasafisha kabureta mara tatu, na ugonjwa uko chini kwenye krenki. Shika flaiwili kwa mikono miwili, itikise juu na chini. Ikicheza, umeshajua kazi yako ya kwanza, na itahitaji mtu wa mashine ya kukerezea.

Kubadilisha mkanda nako si kazi ya kando ya njia. Mkanda mzima usio na kiungo hauingii mpaka ufungue upande wa ekseli. Anza msimu ukiwa na mzuri.

Onan ina sehemu nyingi zaidi, ila magonjwa yake yanafahamika. Iliyokaa ghalani miaka mingi mara nyingi valvu zake zimeganda. Kabureta imejaa utando wa petroli iliyooza. Na kuna hili ambalo nakusihi usilipuuze: fungua bati linaloelekeza hewa kwenye silinda kabla hujaiwasha hata mara moja. Panya hupenda kujenga humo. Utakuta nyasi, pamba ya kiti na maganda ya njugu yamebanwa kati ya mapezi ya kupozea, na injini kama hiyo itawaka vizuri, itakwenda maili chache, kisha itachemka na kukwama. Kazi ya kusafisha ni ya dakika chache; kazi ya kununua silinda na pistoni ni ya mifuko mingi, kwa sababu Onan hizo hazitengenezwi tena na vipuri vyake vimepanda bei.

Kwa mtu mwenye zana za kawaida na video za mafundi, Onan itafufuka haraka zaidi. M19 itamfundisha zaidi.

Vitu ambavyo havijali mkanda wala giaboksi

Rangi na injini vinaweza kusubiri. Chini ya fremu hapasubiri.

Gurudumu: pitisha kidole kwenye ukingo wake wa ndani, ule unaokizuia kiberenge kisitoke relini. Ukingo mzima una unene na mviringo. Ukiukuta umechongeka na kuwa mwembamba kama upanga, gurudumu limekwisha, hata kama liko duara. Ukingo mwembamba hutafuta upenyo kwenye sehemu za kubadilishia njia na kupanda juu ya reli. Hakuna kuchomelea hapo. Unanunua gurudumu.

Ekseli: ufa huanzia pale gurudumu linapoingilia, mahali ambapo macho hayafiki mpaka gurudumu litolewe. Toa, safisha, kisha ipeleke kwa fundi apime kwa sumaku na unga wa chuma. Ekseli hizi zimebeba watu, jeki na mapipa ya misumari kwa miongo mingi, na hakuna aliyeweka kumbukumbu.

Kizuia umeme: nyanyua kiberenge, weka mita ya umeme kati ya gurudumu la kulia na la kushoto. Mita ikionyesha umeme unapita, vizuizi vimechoka na itabidi uvibadilishe kabla mwenye reli hajakukataza.

Breki: vibao vyake vikamate magurudumu yote kwa pamoja. Hesabu pia taa ya breki, kizima moto, bendera nyekundu na chuma cha kukokotea mwenzako akikwama. Vyote hivyo vitaulizwa siku ya ukaguzi.

Ukikuta MT-14 yenye rangi inayong'aa na magurudumu yaliyochongeka, na kando yake M19 yenye kutu juu lakini ekseli na magurudumu mazima, chukua yenye kutu hata kama moyo wako uko kwenye giaboksi.

Vingine utakavyokutana navyo

Vile vikubwa vya mfululizo wa A, vilivyobeba genge zima la wafanyakazi, vina injini kubwa za Ford au Waukesha na nguvu ya kukokota vigari vingine. Ni vizuri kwa kikundi kinachogawana gharama. Mtu mmoja atashindwa na uzito kabla ya kushindwa na injini.

Kama unachotaka ni kuonja reli tu, ziko baiskeli za reli zinazokodishwa na reli za kitalii, kwa mfano Skunk Train huko Fort Bragg, California. Unalipa, unapiga pedali msituni, unarudi. Kwa familia ni mwanzo mwema.

Huniuliza ndugu walioko nyumbani kama wanaweza kusafirishiwa kimoja. Fairmont vingi vya huku ni vya upana wa milimita 1,435. Reli ya zamani ya Tanzania, Kenya na Uganda ni ya milimita 1,000, na TAZARA ni 1,067, kwa hiyo ekseli hazitalingana. SGR inalingana kwa kipimo, lakini ya Tanzania imejengwa kwa treni za kilomita 160 kwa saa, na hapo si mahali pa kigari cha hobi. Kwa Afrika Mashariki ningependa zaidi kuona viberenge vyetu wenyewe, vile vinavyoozea kwenye karakana za reli, vikihifadhiwa na mafundi waliovifanyia kazi wakiwa bado hai kutueleza.

Kwa nani kipi

Una mwenza au watoto wakubwa wanaotaka kuja nawe: MT-14, bila mjadala. Viti vipo, klachi ipo, na hakuna atakayesukuma kwenye matope.

Uko peke yako, huna gari kubwa la kuvuta, unaishi karibu na reli ya tambarare: MT-19 kama mfuko unaruhusu, M19 kama hauruhusu.

Una karakana, unapenda kukereza chuma, na safari mbili kwa mwaka zinakutosha: M19. Tafuta yenye sahani ya namba ya kiwanda bado imepigiliwa, na koili yake ya asili kwenye kisanduku.

Hujui bado: nenda kwenye msafara mmoja kama abiria. Omba asubuhi ukae kwenye cha Onan, mchana uhamie kwenye cha mkanda. Wakati wa chakula mwombe mwenyewe akufungulie kifuniko cha injini akueleze alichobadilisha na kilichomgharimu. Wengi wao watakueleza mpaka msimamizi wa msafara apige honi ya kuondoka.